Dume la Misiba ya Mwaka Mzima

Watu wa mbali wakiniuliza kilichomuua binti yangu Joyness, nawaambia mto. Ni jibu fupi, linawatosha, wanasema pole wanaendelea na safari zao. Wewe umekaa, umekunywa uji wangu, kwa hiyo nitakueleza. Lakini usinikatize, maana nikikatizwa hapa katikati sitaweza kuanza tena.

Kwetu ni upande wa Kasoli. Kwenda Bariadi mjini kwa miguu ni saa tatu, na njiani pana mto. Kiangazi ni mchanga mtupu, watoto wanachezea humo. Mvua zikikolea unajaa mpaka unang'oa miti. Tulikuwa maskini wa kawaida mimi na mume wangu Zengo, maskini kama kijiji kizima: nyumba ya nyasi, majembe matatu, ng'ombe wanne, na kati ya hao wawili tulikuwa tunawafuga tu, wa watu. Pamba tulilima kama wote, tukauza kwenye chama cha msingi kama wote.

Mwaka wa tisini na tatu karani wa chama akasimama mbele ya ghala akatangaza kwamba fedha hakuna. Kila mtu apime pamba yake, apewe karatasi, akasubiri nyumbani. Watu wakanung'unika, wakapima, wakachukua karatasi. Zengo wangu, mbishi kuliko punda, akamuuliza karani, "Hiyo karatasi nitasongea ugali?" Wakarushiana maneno mpaka wakashikana mashati. Zengo akapakia pamba yote kwenye mkokoteni, akairudisha nyumbani.

Weee, tulichekwa! Pamba ilijaa chumba chetu, ikajaa chumba cha watoto, tukawa tunalala juu yake. Mwaka mzima nilipikia nje, mvua yangu jua langu, kwa kuogopa cheche. Panya wakazaliana humo mpaka wakazoea sauti zetu. Jirani yangu Sayi, mwanamke mcheshi huyo, tulichota maji pamoja tangu tumeolewa, alikuwa akipita asubuhi ananiuliza, "Mama Joyness, jana mmelalia safi au fifi?" kama mpima pamba anayetaja daraja la kwanza na la pili. Nami nilicheka, ningefanyaje? Kisha nikiingia ndani namshukia Zengo kwa matusi.

Mwaka uliofuata ndipo serikali ikaruhusu wanunuzi binafsi. Redio ilikuwa inaimba soko huria, soko huria, sisi hatukuelewa ni mnyama gani. Mwezi wa saba tukamwona. Lori likaingia kijijini na mizani yake na fedha taslimu, na bei ambayo hatujawahi kuisikia. Wenzetu walikuwa na pamba ya mwaka mmoja na karatasi zao ukutani. Zengo alikuwa na ya miaka miwili. Lori likajaa kwetu, likaondoka, likarudi tena kesho yake. Yule mwenye lori akampenda Zengo, akasema huyu ni mtu mwenye msimamo, akamkabidhi mizani amnunulie pamba vijijini, mpaka Mkula, mpaka Kiloleli. Kabla mwaka haujaisha tulikuwa na nyumba ya bati, zizi limejaa, na pikapu ya mtumba iliyokuwa inapiga honi hata kwa kuku.

Sitakudanganya, nilifurahi. Kwa nini nisifurahi? Nilikuwa nimelala na panya mwaka mzima. Nilinunua vitenge, nikanunua viatu vya kisigino ambavyo vilizama kwenye tope kila Jumapili, na kanisani nikahamia benchi la mbele kana kwamba Mungu alikuwa ananiita kwa jina. Joyness alikuwa ameolewa mwaka huohuo na kijana wa Mkula, Machibya, mtulivu, mchapakazi. Aliposema ana mimba nilimnunulia godoro na shuka nne. Mdogo wake Winnie alikuwa na miaka sita. Nilikuwa nao hao wawili tu. Wengine watatu niliwazika wakiwa wachanga, na kijiji kilikuja kuzika nami mara zote tatu.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penyewe. Kwetu mtu akifa hakuna anayeshika jembe shambani. Wanaume wanachimba kaburi. Wanawake wanabeba maji, kuni na unga mpaka nyumba ya msiba. Mgonjwa akizidiwa analazwa juu ya kitanda, wanaume wanane wanakibeba mabegani, wengine wanane wanafuata nyuma wakingoja zamu. Na ukipigwa mwano, lile yowe la hatari linalopokelewa mji hadi mji, boma hadi boma, unaacha tonge mkononi unakimbia. Hakuna anayelipwa hata thumni. Asiyefika anaitwa mbele ya sungusungu, walinzi wa kijiji, anatozwa faini ya mbuzi, tunaiita mchenya, na aibu juu.

Mwezi wa tisa Sayi alifiwa na mtoto wake wa miaka minne. Homa ilimchukua kwa siku mbili. Zengo alikuwa Kiloleli na mizani yake. Mimi nilikuwa Bariadi nachagua mapazia. Mapazia! Niliporudi walikuwa wameshazika. Nilikuwa nimechoka, viatu vimenikata, nikamwambia msichana wangu wa kazi apeleke kwa Sayi kilo tano za sukari. Sayi akaipokea. Hakunisema popote, hakuniuliza kitu. Heri angenitukana.

Sungusungu wakamtoza Zengo mbuzi. Akatoa. Msiba mwingine ukatokea, hayupo, mbuzi wa pili. Wa tatu ulipotokea hakungoja kuitwa. Alikwenda mwenyewe kwenye mkutano akiwa anakokota dume lake jeusi, kubwa, lile ambalo watu walikuwa wanasimama njiani kuliangalia. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanawake. Mkuu wa sungusungu wetu alikuwa Jilala, namhala, yaani mzee, mkavu asiyepandisha sauti, mwenye ng'ombe watatu tu duniani.

"Namhala Jilala," Zengo akasema, na hata salamu hakutoa vizuri, "mnanitoza mbuzi mmojammoja, mnanichosha na mnajichosha. Hili dume ni la misiba yote ya mwaka mzima. Misiba na mwano. Nina kazi nyingi. Msinihesabu tena."

Usimwone Zengo kichaa. Kwetu ng'ombe analipa kila kitu. Unaoa kwa ng'ombe, ukifumaniwa na mke wa mtu unalipa ng'ombe, hata mtu akiua mtu, zamani ng'ombe walihama kutoka zizi hili kwenda lile na damu ikaisha. Kichwani mwake lilikuwa jambo la haki kabisa, tena la ukarimu. Alikuwa anangoja washangilie.

"Una hakika, Zengo?" Jilala akauliza.

"Nina hakika."

"Na mama wa nyumba?"

Wote wakanigeukia mimi. Nikiota siku ile, hapo ndipo ninapoamka nimekaa kitandani, mpaka leo. Ningesimama. Ningesema, huyu mume wangu fedha zimempanda kichwani, msameheni, mtozeni mbuzi wake turudi nyumbani. Wangecheka, na Zengo angenipiga au asinipige, na ingekwisha. Lakini nilikuwa nimevaa kitenge kipya, na Sayi alikuwa ananitazama, na ile sukari yangu ilikuwa kati yetu, nikaona aibu, na aibu yangu ikageuka jeuri. Nikasema, "Mume wangu ameshasema."

"Basi," Jilala akasema, "tumepokea."

Dume likachinjwa palepale. Kila mji ukapata nyama isipokuwa wa kwetu. Zengo akarudi nyumbani anapiga mluzi. Alisema amenunua usingizi wake.

Kuanzia hapo tulisalimiwa, hilo sikatai. Mwangaluka, mwangaluka, mtu kapita. Lakini hakuna aliyekuja kuomba chumvi. Hakuna aliyekuja kuazima ungo, wala kunisimulia kwamba fulani kamkimbia fulani. Nilikaa kwenye nyumba yangu ya bati na redio yangu. Msichana wa kazi akaaga, akasema mama yake kamwita. Zengo hakuona kitu. Alikuwa anaona pamba tu.

Mwezi wa tatu Joyness akaja kwangu kujifungua. Mtoto wa kwanza kwetu anazaliwa kwa bibi yake, ndivyo ilivyo. Alikuja na Machibya kwa baiskeli, tumbo mbele, anacheka, anasema, "Mama, huyu anapiga teke kama ndama." Machibya akarudi Mkula kupalilia. Mvua ikaanza, ikanyesha siku tatu bila kupumua.

Alhamisi alfajiri uchungu ukamshika. Nikamwita Elina, mkunga wetu, mama wa makamo ambaye amepokea nusu ya kijiji. Elina alikuja, nami nilishukuru, maana kazi yake sungusungu hawawezi kumzuia. Alimpapasa Joyness tumboni muda mrefu. Kisha akanivuta nje.

"Mama Joyness, mtoto amekingama. Mimi simwezi huyu. Anataka hospitali, anataka kupasuliwa. Leo. Asubuhi hii."

Zengo akawasha pikapu. Tukamlaza Joyness nyuma juu ya godoro lake. Hatukufika mbali. Udongo wa mbugani ukinyeshewa unakuwa kama ugali mbichi, magurudumu yakazama mpaka ekseli. Zengo akapiga honi, akapiga honi. Nilimwambia acha upumbavu, honi inamwita nani? Tukamrudisha Joyness nyumbani kwa mikono, tukatoa kitanda cha kamba, tukafunga miti miwili ya kubebea. Kitanda kilikuwa tayari. Watu wa kukibeba ndio hawakuwepo.

Nikapanda juu ya kichuguu nyuma ya zizi nikapiga mwano.

Nilipiga kwa sauti yangu yote. Mwano unapokelewa. Ukiupiga wewe, jirani anaupiga, wa mbele anaupiga, na wewe unausikia ukienda mbali, na moyo unatulia kwa sababu unajua watu wanakuja. Sayi alikuwa upenuni kwake, chini ya paa, anapepeta mtama. Nilimwona akiweka ungo chini. Alisimama, akanitazama, na nilimwona, nakuapia nilimwona, akifungua mdomo. Kisha mumewe akasema kitu kutoka ndani. Sayi akaokota ungo wake akaingia.

Nikapiga tena. Kimya. Mvua tu juu ya mabati yangu.

Zengo akakimbia kwa Jilala. Alirudi amelowa, matope mpaka usoni, na nyuma yake mtu mmoja tu, mdogo wake Luhaga. Luhaga alikuwa na watoto sita na hakuwa na bati wala pikapu, na wakati wa utajiri wetu Zengo alimpa shati moja kuukuu. Alikuja hivyohivyo, kifua wazi, akijua kitakachompata.

"Nimempa zizi zima," Zengo akaniambia. "Nimemwambia achukue wote, wote, wasibaki hata ndama. Amekataa."

"Amesemaje?"

"Anasema wakichukua ng'ombe zangu leo, kesho kila mwenye zizi atanunua misiba yake, na maskini ndio watakaochimba makaburi ya wote. Anasema nirudi kwenye kikao, nivue lile neno nililolisema mbele ya watu."

"Kikao lini?"

"Jumapili."

Jumapili! Ilikuwa Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi. Nimelifikiria neno la Jilala miaka mingi na bado nasema lina maana, ni neno la haki, na bado ningeweza kumnyonga kwa mikono yangu.

Tukabeba wanne. Zengo na Luhaga mbele, mimi na Elina nyuma. Winnie akatufuata na kifurushi cha nguo za mtoto kichwani, nilimfukuza hakurudi. Tulipita kati ya mashamba. Wanaume walikuwa wanapalilia, mvua imepungua kidogo, na kila tulipopita walisimama na majembe yao. Mmoja alivua kofia. Nilimtukana. Niliwatukana wote kwa majina, na majina ya mama zao, na hakuna aliyenijibu. Mmoja alikuwa analia, nilimwona, mwanamume mzima analia na miguu yake haitoki pale aliposimama. Waliogopa kutengwa kama tulivyotengwa sisi. Walikuwa na watoto nao.

"Mama," Joyness akasema kutoka kitandani, "watu wanakuja?"

"Wanakuja, mwanangu."

Tulipumzika mara nyingi mno. Elina alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, bega lake likachubuka mpaka nyama. Jua lilikuwa limeshapanda tulipofika mtoni.

Huo mto unavukwa. Ukijaa unavukwa, kwa wanaume ishirini. Wanashikana mikono mistari miwili, wenye nguvu wanakaa upande maji yanakotoka, na kitanda kinapita juu ya vichwa vyao toka mtu hadi mtu. Walivusha wengi hivyo. Walimvusha mke wa Luhaga mwaka wa tisini na mbili, na Zengo ndiye alisimama katikati kwenye kina, kwa kuwa ni mrefu, maji yakimpiga kidevuni, anawatania wenzake.

Sasa alisimama ukingoni na mdogo wake. Wawili. Aliingia. Nilimwambia asiingie, akaingia, maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani, yakamwangusha. Luhaga alimvuta kwa mkanda wa suruali. Akaingia tena. Mara ya tatu Luhaga alimlalia juu akamshikilia kwenye matope, na Zengo alikuwa anapiga kelele ambazo sijawahi kumsikia mtu akipiga.

"Mama, wamefika?"

"Wako njiani. Nawaona."

"Wengi?"

"Wengi sana, mwanangu. Jilala yuko mbele. Sayi anakuja na maji."

Akanishika kidole, kidole kimoja tu, kama alivyokuwa anashika akiwa mdogo. Niliendelea kumhesabia watu waliokuwa wanakuja. Nilimtajia mji kwa mji, nani kavaa nini, nani kabeba kamba. Nilipoishiwa majina Elina akaniwekea mkono begani, akasema, "Acha sasa." Jua lilikuwa linawaka na mvua imekatika kabisa. Mtoto alibaki humohumo tumboni mwake.

Kaburi walichimba Zengo, Luhaga na Machibya, aliyefika kesho yake na baiskeli anauliza mtoto wake ni wa kike au wa kiume. Maji ya kumwosha mwanangu niliyachota mwenyewe. Nilikwenda kisimani mara nne, na kila nilipofika wanawake walisogea pembeni wakainamisha vichwa, mpaka nikaondoka. Luhaga alitozwa mbuzi watatu. Aliwatoa wote.

Jumapili kikao kikakaa. Zengo alikwenda akavua neno lake. Sijui alisema nini, maana siku hizo alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Jioni Jilala akaja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, fimbo mkononi, akakataa kiti.

"Mmerudi," akasema. "Hakuna cha kulipa. Pole, Mama Joyness."

Nilimwambia atoke. Nilimwambia kama walikuwa na uwezo wa kusamehe bure Jumapili, kwa nini hawakuwa nao Alhamisi? Akaniita mayu, kama unavyomwita mama. "Sijui, mayu," akasema. "Tulidhani mumeo atapata wabebaji kwingine, kwa watu wengine." Kisha akaenda zake.

Pikapu Zengo hakuifuata. Ilibaki kwenye tope mpaka kiangazi, ikaota kutu, watoto wakang'oa viti. Mizani ya mwenye lori aliirudisha. Ng'ombe mmojammoja akawa anauza na kunywa. Mchana alikuwa anakaa mahali popote, juani au kivulini, hachagui, na ukimwita anakutazama kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Nilimchukia. Nilijichukia zaidi, lakini yeye ndiye alikuwa karibu.

Hazikupita wiki tatu, mama yake Jilala akafariki. Kikongwe, amekula chumvi yake. Habari ikaja asubuhi. Zengo akainuka alipokaa, akachukua jembe, akaenda kuchimba. Hakunitazama.

Mimi nikakaa. Nikasema siendi. Nikasema mwache aoze, mwache Jilala amchotee mama yake maji mwenyewe aone uzito wake. Nilisema kwa sauti, hakuna wa kunisikia isipokuwa Winnie, aliyekuwa mlangoni anakula kiporo cha viazi. Alikuwa anakohoa kidogo tangu siku ile ya mtoni. Si kitu kikubwa, kikohozi cha mtoto. Nikamtazama anavyokohoa. Nikafikiri wanaume wanane, na wengine wanane nyuma, na mvua za mwakani.

Nikachukua ndoo.

Kisimani walikuwa wamejaa. Waliponiona wakanipisha mbele. Nikachota, ndoo ikajaa, nikaweka kata ya kanga kichwani, nikainama, na ndoo iliyojaa huwezi kujitwisha peke yako. Sayi akaja akashika upande wa pili. Tukainua pamoja. Uso wake ulikuwa karibu na wangu hivi, nikaona anavyozeeka, na nilitamani kummwagia maji yote yale na kumpiga na ndoo mpaka afungue ule mdomo wake apige mwano. Akaniwekea ndoo kichwani, akaisawazisha.

"Asante," nikasema.

"Haya, Mama Joyness," akasema. "Twende."

Tukaenda.